Nilipanda darini Mkomani kufanya mazoezi ya mahubiri ya kutotii, wiki ya arusi ya jirani

Wakuu wa humu ndani, salaam kwa kila mmoja na imani yake.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Lamu, miezi michache tu iliyopita. Mniamini kwa sababu moja: ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo kwenye hii stori.

Mimi ni Mtaita, fundi wa sola. Huu ni mwaka wa pili niko huku visiwani, nafunga pampu za maji na mitambo ya sola. Leo Amu, kesho Pate, keshokutwa Chundwa.

Jumapili ni mhubiri wa kujitolea kwenye kanisa letu dogo. Cheo sina. Sauti ninayo.

Naishi Mkomani, ule mji wa zamani wenye nyumba za mawe na vichochoro ambavyo ukikutana na punda, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na si punda. Nimepanga vyumba viwili ghorofani kwa Bi Zena, mama mjane wa miaka sabini na kitu, aliyefundisha watoto madrasa maisha yake yote. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na mpaka leo wakimwona wanashusha sauti.

Sasa kabla sijafika mbali niwaambie ugonjwa wangu.

Mimi ni mtu wa "sawa." Ukianza kuniambia jambo, hujafika katikati nishakujibu sawa. Si dharau. Ni kwamba kichwa changu kiko kwingine na mdomo umebaki zamu.

Mfano. Chundwa kuna mzee aliniambia kisima cha upande wa minazi huingia chumvi bahari ikijaa, kwa hiyo pampu nikaifunge kwenye kile cha pili. Nikamwambia sawa mzee. Nikaenda nikafunga kwenye cha minazi, kwa ustadi mkubwa, na picha nikapiga. Wiki hiyo hiyo kijiji kizima kilikunywa chai ya chumvi. Nilirudi kufungua kila kitu upya huku wamama wananitazama bila kusema neno, na ripoti niliandika kwamba kulikuwa na changamoto ya mawasiliano.

Haya, tuje kwenye Kiyunani.

Niko kwenye group moja la wahubiri kwenye simu. Mwalimu wetu hututumia voice notes akichambua maneno ya Agano Jipya kwa lugha yake ya asili. Wiki hiyo alituletea neno PARAKOE. Limo kwenye barua kwa Warumi, pale panapozungumziwa kosa la Adamu. Kwenye Biblia zetu tumezoea kusoma "kuasi."

Mimi kuasi nilikuwa naijua ya ngumi juu. Mtu kajipanga, kasema sitaki, kapindua meza.

Kumbe neno lenyewe limeungwa kwa mawili. Para, yaani kando. Akoe, yaani kusikia. Kusikia kando. Sauti imefika, sikio lipo, ila mtu ameipokea kwa pembeni, hakuipa nafasi ya kukaa, halafu akaenda kufanya lake. Kuna neno lingine, apeitheia, hilo ni la mtu aliyeelewa vizuri kabisa na bado akakaza shingo. Lakini parakoe inaanza mapema zaidi, sikioni. Yule mtu anaweza hata kukuapia kwamba hajaasi chochote.

Wakuu, nilisisimka. Niliirudia ile voice note mara nne. Nikaandika mahubiri kurasa sita, na Jumapili hiyo tulikuwa tunatarajia wageni kutoka Mombasa. Nikasema kanisa hili litajua kutotii ni nini mpaka litokwe jasho.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na jambo kubwa kuliko mahubiri. Mke wangu Wakesho na binti yetu walikuwa wanakuja Jumamosi kuishi nami, moja kwa moja. Miaka miwili nimekuwa nawaona Pasaka na Krismasi tu, mtoto ananiita "baba wa simu." Bi Zena alikuwa amekubali niwalete. Na Mkomani kupata nyumba ya kuishi na familia, ukiwa mgeni wa dini nyingine, si suala la mfuko. Ni watu wakubali kuishi ukuta mmoja na wewe. Bi Zena ndiye aliyenidhamini kwa majirani, kwa kinywa chake. Nikiharibu pale, hakuna nyumba ya pili.

Siku nilipohamia alinipa masharti ya nyumba. Nakumbuka alisema kwa kirefu kwa sababu chai yangu ilipoa. Mimi nilikuwa naangalia simu, kuna betri zangu zilikuwa zimekwama gatini Mokowe, ng'ambo ya bara. Nikajibu sawa, kama mara kumi hivi.

Jumatatu ya wiki ile, nikiwa natoka na ngazi begani, akanisimamisha tena akaniambia kitu kuhusu nyumba ya pili, yaani ya jirani, arusi, na darini. Nikasema, "Sawa Bi Zena, hakuna shida." Nikateremka ngazi nimefurahi kwamba nina mama mwenye nyumba mpole hivi.

Basi Jumatano, baada ya alasiri, nikachukua zile kurasa sita nikapanda darini.

Dari za nyumba hizi ni tambarare, unaweza kutembea. Kuna upepo, kuna network, na kuna tangi la maji ambalo kwa kimo chake linafanana na mimbari. Nikaweka kurasa juu ya tangi. Nikakohoa. Nikaanza.

Nilianza kwa utulivu. Lakini mimi nikifika kwenye Adamu huwa siwezi kujizuia. Nikawa natembea dari nzima, mkono mmoja nyuma, mwingine hewani. Nikapaza: "Tatizo lako si kwamba hukuambiwa! Uliambiwa! Sikio lako lilikuwa wapi?" Nikafika ukingoni mwa ukuta, nikanyoosha kidole chini kumwonyesha Adamu.

Chini ya kidole changu palikuwa na kiwanda cha nyumba ya jirani, yaani ule uwanja wa ndani usio na paa.

Na pale kiwandani, juu ya mkeka, alikuwa amekaa bibi arusi.

Wakuu, kwa wasiojua. Hapa bibi arusi hufichwa. Siku kadhaa kabla ya arusi hatoki, haonekani, anasingwa kwa manukato, anapakwa hina, anatunzwa na wanawake wa kwao peke yao. Hata jirani wa kike haingii ovyo. Ataonekana siku ya kuonyeshwa, na siku hiyo yeye ndiye mwezi. Mwanamume asiye wa nyumba ile kumwona kabla, tena hivi, hilo halina jina.

Alikuwa amepakwa liwa uso mzima, manjano kama embe, mikono ameinyoosha mbele hina ikauke. Wanawake watano wamemzunguka. Wote sita wananitazama. Mimi nimenyoosha kidole.

Ubongo uliniambia kimbia. Mwili, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuhubiri, ukapunga mkono na kusema, "Bwana asifiwe."

Hakuna aliyeitikia.

Ikafuata kelele moja tu, ndefu. Mama mmoja akavua ndara mguuni akanirushia. Ikapanda vizuri, ikafika karibu na kidevu changu, halafu ikageuka ikamrudia yeye mwenyewe begani, na nadhani na hiyo pia nimeandikiwa mimi. Nilishuka ngazi kwa makalio. Kurasa tatu za mahubiri zilipeperuka zikaangukia kwao.

Nilipofika chini Bi Zena alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, mikono kwenye mapaja. Habari ilimfikia kabla yangu, na mimi nilitoka juu ya kichwa chake. Mkomani haihitaji bundles.

Hakupandisha sauti. Ndicho kilichonitisha. Aliniambia Ijumaa nitoe vitu vyangu. Yeye alinidhamini kwa majirani kwamba mpangaji wake ni mtu, na sasa hana uso wa kupita mlangoni kwao.

Nikamwambia mke wangu anakuja Jumamosi. Akasema anajua, yeye ndiye aliyeruhusu, na alishamtengea mtoto godoro.

Nilikaa sakafuni palepale. Sioni haya kusema, machozi yalikuwa karibu. Niliona Wakesho anashuka kwenye boti na mtoto na mizigo, na mimi nimesimama gatini sina pa kumpeleka.

Halafu Bi Zena akauliza, "Ulipokuwa huko yuu ukipiga kelele, ulikuwa ukinena nini?"

Wakuu, pale ndipo nilipaswa kusema "mambo ya kanisa tu" nikanyamaza. Lakini mimi ni mhubiri. Nikamweleza. Nikamweleza Warumi, Adamu, para, akoe, kusikia kando, sauti imefika, sikio lipo. Na nilivyokuwa naeleza nikawa nasikia maneno yangu yananizunguka kama watu wa kukamata mwizi, lakini nilishaanza, na siwezi kuacha pointi katikati. Nikamaliza.

Bi Zena akanitazama sana.

"Mumekwenda hata Uyunani kutafuta hilo?" akasema. "Siye hapa mwana akiambwa, akaitika naam, kisha akenda akafanya lake, twasema hasikii. Na mashikio anayo."

Kurasa sita, voice note mara nne, na bibi yangu kule Taita alikuwa akiniambia neno lile lile kila siku ya utoto wangu. "Huyu mtoto hasikii." Hakuna aliyewahi kufikiri nina tatizo la masikio.

Akaendelea kwamba kwao kusikia na kutii hutajwa pamoja, hata watoto wadogo wa madrasa wanajua hivyo. Kisha akaniuliza alinipa masharti gani ya darini. Nikatafuta kichwani. Nikapata chai iliyopoa.

Basi akanirudia, polepole, kama kwa mtoto wa madrasa anayeanza alifu. Anayepanda darini hupiga hodi ya juu mara tatu kwa sauti, akangoja nyumba za jirani waitike, ili wanawake wajisitiri. Na wiki ya arusi hapandi kabisa, hata tangi livuje. Jumatatu alinisimamisha kwenye ngazi kuniambia hilo la pili.

Akasema waliokosewa si yeye. Akasema tutakwenda nyumba ya pili, nitakaa dakani, na nyanyake bibi arusi, Bi Maryamu, atanena nami. Simu nitaiacha nyumbani. Mdomo wangu hautafunguka mpaka niulizwe. Na neno sawa nisilitie humo hata mara moja. Wakinisamehe, nabaki. Wasiponisamehe, ni Ijumaa.

Daka, kwa wageni, ni ule ukumbi mdogo mbele ya mlango wenye baraza za mawe huku na huku. Wanaume huishia hapo. Bi Zena akaingia ndani, mimi nikakaa.

Nilikaa karibu saa nzima. Kila mpita njia ananisalimia kwa adabu, anapiga hatua tatu, anageuka kunitazama vizuri. Wazee wawili walisimama mbele yangu kabisa, mmoja akamuuliza mwenzake kama ndiye, mwenzake akasema ndiye. Hawakuwa na haraka. Punda peke yake ndiye aliyepita bila kugeuka.

Halafu mlango ukafunguliwa kidogo, na nyuma ya pazia sauti ya Bi Maryamu ikaanza. Sijamwona mpaka leo.

Jamani yule mama alizungumza. Alianza na ukuta, nani aliujenga na kwa nini uko chini upande ule, kwamba mwenye nyumba wa zamani na babu yake waliaminiana wasihitaji ukuta mrefu. Akaja kwenye adabu ya dari. Akaenda kwa marehemu mumewe. Akarudi kwenye hina iliyoharibika mkono wa kulia, ikabidi isuguliwe ianzwe tena. Akasema mengi, mengine makali, na yote nilistahili.

Mnajua ilivyo ngumu kukaa bila kusema sawa? Lilikuwa linapanda kooni kama kwikwi. Nilishika baraza kwa mikono miwili. Na kwa kuwa sikuweza kusema, na simu sina, sikubaki na kazi nyingine duniani ila kumsikia.

Katikati ya habari za hina, sauti yake ikateremka. Sikudhani alikuwa anasema na mimi tena.

"Huyu n'memlea mimi, mamake alipokufa," akasema. "Ijumaa ya pili achukuliwa Mombasa. N'liomba wiki hii moya tu niwe naye, tusiingiliwe."

Kisha akarudi kwenye hina kama hakusema kitu.

Nilikuwa nimeona aibu tangu kule darini, lakini ilikuwa aibu ya mtu aliyechekesha watu. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimemwingilia mama wa watu kwenye wiki yake ya mwisho na mtoto wake, nikipiga kelele kuhusu masikio ya watu wengine.

Alipomaliza akauliza, "Haya. N'menena nini?"

Nikarudia. Ukuta, babu, hodi tatu, marehemu, hina ya mkono wa kulia. Nilisahau jina la marehemu akanisahihisha. Mwisho nikasema, "Na umesema hii ni wiki yako moja tu na mjukuu wako, uliomba msiingiliwe. Na mimi nimewaingilia. Nisamehe, mama."

Nikasikia mtu ndani anapenga kamasi. Halafu Bi Zena akatoka na kisahani cha halua, akaniwekea kwenye baraza, na chini ya kisahani kurasa zangu tatu za mahubiri, zimekunjwa vizuri, zina alama ya kidole cha hina.

Nilibaki, wakuu. Kwa sharti kwamba sipandi dari yoyote Mkomani mpaka arusi iishe. Fundi wa sola, marufuku kupanda. Nilikuwa na kazi mbili za mtaani wiki hiyo, nikawaelekeza wenzangu kwa kusimama barabarani na kuonyesha kwa fimbo.

Sasa hapo mngedhani stori imeisha. Mimi pia nilidhani.

Jumamosi nikaenda gatini, nimevaa shati la Jumapili. Boti ya kutoka Mokowe ikafika. Akashuka binti yangu. Akashuka Wakesho. Halafu Wakesho akageuka, akanyoosha mkono, akamsaidia mama yake kushuka. Na masanduku mawili, na kuku kwenye kapu.

Mama mkwe wangu. Kwa sisi Wataita mnaelewa, na mama mkwe watu huheshimiana kwa umbali. Mimi nina vyumba viwili.

Nikamvuta Wakesho pembeni, nikamuuliza mama anakaa siku ngapi. Akanishangaa. "Si tulikubaliana? Anakaa na sisi. Nilikuuliza mara tatu kwenye simu. Mara ya tatu nikakuuliza kama una uhakika, ukasema sawa kabisa, aje, Mungu ni mwema."

Ilikuwa wiki ya voice note. Sikumbuki hata neno moja.

Kabla sijajua nifanye uso gani, mama mkwe akaja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na hajawahi kunishika mkono tangu nimwoe binti yake.

"Mwanangu," akasema, "tangu mzee atutoke naogopa ile nyumba. Watoto wangu wengine watatu niliwaambia, kila mmoja ana sababu. Ni wewe peke yako uliyenisikia."

Wakuu, nimehubiri miaka tisa. Sijawahi kukosa maneno kama pale gatini.

Nilibeba masanduku mpaka nyumbani. Mlangoni Bi Zena akatukaribisha, akahesabu watu kwa macho, akanitazama mimi. Wakesho akamweleza kwa furaha kwamba mume wake alikubali mama aje bila hata kusita. Bi Zena akaendelea kunitazama. Alijua. Mtu aliyefundisha watoto miaka hamsini anajua uso wa asiyefanya kazi ya nyumbani.

Hakunifichua. Akamshika mama mkwe mkono, akamwambia atalala chumbani kwake chini, kwa kuwa ngazi ni nyingi na yeye pia amechoka kula peke yake. Kisha akamketisha Wakesho kumpa masharti ya nyumba. Wakesho akaweka mkoba chini, akasikiliza, pa darini akaomba arudiwe.

Jumapili sikuhubiri kurasa sita. Nilisimama nikaeleza maana ya parakoe kwa dakika chache, nikasimulia habari ya darini, watu wakacheka sana, wageni wa Mombasa wakaomba nakala. Habari ya gatini sikuisema. Kanisani mama mkwe alikuwa amekaa safu ya mbele, ameshika mkono wa mjukuu wake, ananitazama kama mtu aliyepata mtoto wa tano.

Bado sijamwambia. Kila asubuhi namkuta na Bi Zena wanachambua mchele, namsalimia, anaanza kunisimulia jambo la kwao Taita, refu. Nakaa chini. Nasikiliza mpaka mwisho, hata la kuku. Najaribu kuifanya ile sawa iwe kweli, siku baada ya siku, na sina njia nyingine ninayoijua ya kuilipa.

Somo langu ni hilo tu. Nilikuwa nafikiri kutotii ni mambo ya wakorofi. Mimi si mkorofi, mimi ni mtu mzuri sana, muulizeni yeyote. Na bado nimewanywesha watu chumvi, nimemkatiza mama wa watu wiki yake, na kama si bahati ningemvunja moyo mama mkwe kwa neno nisilojua nimelisema.

Tupieni maoni wakuu. Nimwambie mama mkwe ukweli, au ninyamaze nisikilize? Wenye Kiyunani nirekebisheni nilipokosea, na wenye wakwe nishaurini. Nasoma kila comment, neno kwa neno. Mkeo akikuita jibu kwanza, sisi tutakusubiri.